Mutoto wa Kuonja Kasiksi

Hapana, baba mukubwa, haiko bangi. Haiko barebelle pia. Unasema vile juu umechoka, umetoka Beni juu ya camion ya makala, na inakuuma kutuletea habari ya kijana wetu mwenye amefungwa mu buloko. Ninaelewa. Mais ukisema aliharibika ile siku barebelle, bale baasi, balimupatia bangi, mie nitakujibu tu, hata mama akinikanyaga muguu chini ya meza ginsi ananikanyaga sasa.

Njo vile nilisema leo, saa ya kula bundu, ugali yetu ya muhogo. Baba mukubwa ni yaya, kaka mukubwa wa baba yangu, na baba akiwa mu safari ya biashara, sawa hii juma yenye iko Kayna kutafuta maharagi, ye njo anakaa ku kiti yake. Hakuna musichana wa kwetu mwenye anamujibu. Alisukuma sahani.

"We binti wa masista," akaniambia, "français imekujaa kichwa, sasa inatokea ku mapua. Sikiya. Sisi bote tulionja kasiksi tukiwa batoto. Mie nilionja. Baba yako alionja. Nani kati yetu aliingia buloko?"

Koko, nyanya yetu, mama ya baba na baba mukubwa, mwenye haone tena muzuri lakini anasikia kila kitu, alijibu kutoka ku moto: "Weye."

"Mama?"

"Weye uliingia. Juu ya ngombe ya padiri."

"Ile ngombe ilinifuata yenyewe!"

Tulicheka. Hata mama alicheka, pourtant tangu baba mukubwa ashuke ku camion alikuwa analia tu. Dada yangu mudogo, mutoto wetu wa mwisho, alicheka kupita sisi bote, bila kujua ni ngombe gani. Na mu ile kicheko mama akamutazama, akapangusa macho na kikwembe, akasema:

"Basi, tuache mambo ya buloko. Kesho asubui tunafunua mutumbwi. Na weye, kamama, kesho njo weye utaonja. Umekomaa."

Mutoto akaruka juu ya kiti. Mie sikukula tena.

Mutumbwi yenye ninasema haiko ya maji. Ni muti mukubwa yenye koko mwanaume alichimba zamani, mbele ya mie kuzaliwa. Ndani yake tunakamua ndizi yenye inatoka Kalunguta, juu hapa ku Butembo baridi haiache ndizi ikomae muzuri. Banaume banakanyaga ndizi na majani, maji inatoka, mama anatia unga ya mutama yenye imekaangwa, tunafunika, tunangoja. Ile njo kasiksi. Kilima yote inajua kasiksi ya mama. Na njo ilinisomesha mupaka secondaire, sitadanganya.

Sasa, kazi ya kujua kama pombe imeiva, ni ya mutoto. Ile sheria koko aliipata ku mama yake. Anasema ulimi ya mukubwa imeisha kuungua na chumvi, na pilipili, na tumbako, na uongo. Mukubwa akionja atasema imeiva juu anataka kunywa. Mutoto hana shida ya kudanganya. Donc banamwita, banamupatia kidogo mu kibuyu, na batu bote banatazama uso yake. Akifunga jicho moya, bado, mufunike. Akifunga macho yote mbili na mabega ikatetemeka, imeiva, mwite batu. Na kama ni mukubwa mwenye ameonja wa kwanza, basi mutoto haonje tena ile mutumbwi, imeisha kuambiwa uongo. Batu ba kununua bakisikia vile, banapita, banaenda kunywa ku jirani.

Kwetu ni mie nilijaribiwa wa kwanza. Nilitapika juu ya kikwembe mupya ya koko, ile ya Paska. Koko akasema: "Huyu hana ulimi. Mumupeleke ku masomo." Mupaka leo banasimulia ile habari ku ndoa, na batu banacheka, na mie ninacheka nao.

Nyuma yangu akafuata mudogo wangu, kijana, ule mwenye leo iko buloko. Meno yake ya mbele njo ilikuwa inaanguka, masomo alikuwa hajaanza. Ye hakutapika. Alifunga macho yote mbili, mabega ikatetemeka, kiisha akanyosha kibuyu: "Tena."

Batu balicheka mupaka machozi. Mama mumoja wa jirani, mujane, mwenye alikuwa anapika pombe pia, alikunja maboko mbele yake sawa mbele ya padiri. "Docteur!" akamwita. "Wasingya, docteur!" Ile ni aksanti ya luga yetu. Jina ikabaki. Kutoka ile siku, mutu akikamua ndizi mu kilima, anatuma kutuuliza: "Mutupatie docteur." Na docteur anaenda, amevaa kaputula yake moya, kichwa juu, tumbo mbele. Banamupokea na kiti. Hakuna mutoto mwingine mu kilima mwenye alikuwa anapewa kiti.

Ku nyumba ya mujane alikuwa anaonja ya mujane, kiisha ananyookea ku nyumba yenye inafuata. Anarudi kwetu akiimba, ao harudi, juu amelala palepale penye alionja, chini ya ukuta, macho nusu wazi. Banamufunika na gunia. Njo vile alikulia. Siku moya tulimukuta amelala mu majani ya sungura, na sungura banakula majani kandokando ya masikio yake. Baba alicheka sana. Padiri alipata habari, akaomba tu docteur asionje asubui ya komunio.

Mwaka ya indépendance kila mutu alikunywa. Sitasahau ile ngoma. Docteur alikuwa mbele, na kibuyu ku kichwa, anacheza bila kuishika, na batu banapiga makofi. Mie nilipiga makofi pia, nilikuwa najivuna juu ya mudogo wangu. Ile wakati hata uniulize, ningekuambia hakuna kitu mubaya mu kilima yetu.

Mwenye aliona wa kwanza ni mugeni. Kulikuwa mwalimu moya wa Leta, wa serikali, mukristu, mwenye balimutuma kutoka Kasaï. Mwembamba, na koti yake moya yenye alikuwa anaipiga pasi kila siku. Alikuja kwetu na miguu, mu matope.

"Mama, bonjour," akasema. "Nimekuja juu ya kijana. Asubui maboko yake inatetemeka. Hawezi kushika kalamu. Ku récréation anaponyoka, na akirudi haitetemeke tena."

"Ni baridi, mwalimu," mama akajibu.

"Mama, batoto bote ba classe banasikia baridi. Ni ye tu mwenye anatetemeka vile. Ile ni njaa ya pombe."

Koko akaingilia: "We mwalimu, kwenu ni jua tu. Utajua nini ya baridi yetu?"

Mama alikuwa na haya na kasirani pamoja, lakini mugeni ni mugeni. Akamuletea kibuyu. Mwalimu akasema merci, akaiweka chini, hakukunywa. Akatutazama kila mutu ku macho sawa mwenye anangoja, kiisha akaenda. Nyuma yake baba akasimama, akavuta koti yenye hakukuwa nayo, akatembea sawa mwalimu mu matope, akiinua miguu. "Mwanaume wa kukataa kasiksi!" akasema. "Mushahara ya Leta imemukausha koo." Tulicheka tena. Ninaona sasa kwetu tulicheka sana, kila mara.

Kidogo nyuma ya pale, mama alifunua mutumbwi, akakuta pombe imekuwa maji. Docteur alikuwa anapitisha bua ya jani ya boga, ile yenye iko wazi ndani, mu majani ya kufunika, anavuta, kiisha anajaza na maji ya mutoni. Baba alimupiga mupaka muti ikavunjika. Na mutumbwi yenye ilifuata, balimwita nani kuonja? Ye. Hakukuwa mutoto mwingine mwenye ulimi yake ilijulikana. Mie niliuliza mama: "Mulimupiga juu alikunywa, sasa munamupatia?" Mama akanijibu: "Ile ilikuwa wizi. Hii ni kazi."

Hata leo ile neno inanizunguka.

Kiisha akapata barafiki. Bijana bakubwa kupita ye, bale ba kukaa nyuma ya garage karibu na soko. Balimupokea juu alikuwa anajua kuleta pombe. Bao bakamuonyesha bangi, yenye banaifunga mu majani ya muhindi. Donc bangi ilikuja, sikatae, baba mukubwa. Lakini ilikuja ikamukuta ye amekaa tayari. Balianza na kuku za batu. Kiisha vioo ya camion, usiulize ginsi balikuwa banaifungua. Kila kitu inauzwa, na yote inanywewa. Masomo balimufukuza. Baba akamwambia asikanyage tena ku nyumba, na siku ya kufunua mutumbwi mama anatuma kumutafuta ku garage, anakuja, anaonja, anaenda.

Barebelle bakafika mu camion ya kuiba, na majani ku vichwa. Sisi tulikuwa mu mashamba, tumelala mu maharagi na dada yangu mudogo ku mugongo yangu, anauliza kama tunacheza. Batu bengi balikuwa bamezika bintu yao. Mutu wa kitenge, wa sahani, wa mashini ya kushona, kila mutu alichimba penye aliona muzuri. Na balificha pombe, juu balisikia barebelle bakilewa ni hatari zaidi.

Ku soko mukubwa wao aliuliza bijana: "Nani anajua penye pombe iko?"

Mudogo wangu akainua mukono.

Ile nilisimuliwa, sikukuwako. Lakini nyuma nilipita nyumba kwa nyumba, nikaona penye balivunja na penye habakugusa, na nilijua ile njia. Kila mutu aliijua. Ilikuwa njia ya docteur. Balianza ku nyumba ya mujane, kiisha ile yenye inafuata, kiisha ile ya ku mutelemuko, palepale ginsi alikuwa anapita akiwa mudogo na kaputula. Alijua ukuta gani inaficha mutumbwi. Alijua hata bintu bilizikwa wapi, juu ku zile nyumba zote alilala, na macho nusu wazi, na hakuna mutu alijificha mbele ya mutoto mwenye amelewa.

Mujane hakukimbia. Miguu ilikuwa inamuuma. Akamuona ye mbele ya kundi, akafurahi. Batu benye balijificha mu migomba balisikia: "Docteur! Wasingya, umekuja kuniombea kwao!" Mwanaume moya wa ile kundi akamupiga na kitako ya bunduki. Bakachimbua mashini yake ya kushona. Alikaa siku kidogo tu, akafa.

Basoda ba Leta bakarudi, benye banasema Lingala, barebelle bakakimbia, na ye akakimbilia Beni. Kule alivunja dépôt ya mufanyabiashara. Hakubeba kitu. Balimukuta asubui amelala kati ya chupa, bakamutia buloko.

Mama na mie tulienda kumuona mbele ya hii habari ya leo. Ku Beni jua inachoma, mama alikuwa amevaa sweta ya Butembo, hakuitoa njia yote. Ku mulango ya buloko musoda mulinzi akafunua kikapo yetu, akasema, "Mama, yaka, kuja, nione kama haina sumu," akakula nusu ya maharagi mbele yetu, na kucheka. Kiisha akatuletea mudogo wangu.

Alikuwa amekonda. Maboko alikuwa ameifunga chini ya makwapa ili tusione.

"Yaya," akaniambia, "mumebeba kidogo?"

"Bundu na maharagi. Mulinzi amekuachia nusu."

"Hapana. Ile ingine."

Nilifungua kinywa nimugombeze. Mama alikuwa amenipita. Alitia mukono ndani ya sweta, akatoa chupa kidogo ya dawa ya kikohozi yenye ilikuwa imejaa kasiksi. Njo juu ya ile hakutoa sweta.

"Kidogo tu," mama akasema bila kunitazama. "Asitetemeke."

Akakunywa. Kiisha akafunga macho yote mbili na akatetemesha mabega, makusudi, sawa zamani.

"Imeiva, mama."

Mama akacheka, na machozi ikamutoka juu ya ile kicheko. Mulinzi akacheka pia, hakujua juu ya nini. Mie nilitazama ukuta.

Mbele ya kuachana nilimuuliza polepole: "Bangi ya bale batu njo ilikupeleka ku nyumba ya mujane?"

Akafikiri muzuri. Sitasema hakufikiri. "Bangi nilivuta juu hakukuwa hii," akajibu. "Na ku nyumba ya mujane nilikuwa natafuta hii. Sikujua batamupiga, yaya." Kiisha akauliza: "Sasa nani anaonja?"

"Hakuna."

"Ule kadogo wetu?"

"Hataonja."

"Apa."

Nikaapa. Mulinzi akamurudisha.

Sasa leo baba mukubwa anatuambia habatamutoa. Batamupeleka mbali, ku buloko ingine kubwa, na hata commissaire hakumwambia gani. Na juu ya ile maumivu bote bakakubaliana mbiombio: ni barebelle. Barebelle bameisha kuenda, habatarudi kujitetea. Na mama, mu saa ileile, akamwita dada yangu kuonja.

Nyuma ya chakula nilimufuata mama ku mutumbwi. Alikuwa anapanga majani, anaweka mawe juu.

"Mama, usimupatie kadogo."

"Binti bote ba hii kilima balionja. Bameolewa, banazaa."

"Na kijana wako?"

Akaweka jiwe chini. "Unataka niseme nini? Ee? Masista balikufundisha maneno mingi, nipatie moya. Unataka niseme ni mie?"

"Sikusema weye. Nasema hii mutumbwi."

"Mutumbwi haina maboko. Nani alikuwa anamupatia kibuyu?"

Mama akaokota jiwe, akaliweka penye lilikuwa, akalitoa, akaliweka tena. Njo nilielewa kitu moya. Dada yangu akionja kesho, na akionja mwaka yenye inakuja, na akikomaa muzuri, aolewe, azae, basi haikukuwa kibuyu ya mama. Mama anahitaji ile mutoto aonje. Anaihitaji kupita faranga ya pombe. Hakuna neno yenye ningeweza kumupatia ili aache.

Nilipotoka, kadogo alikuwa mu lupango, ile uwanja ya nyumba, mbele ya koko, anajifunza. Anatia kidole mu kikombe ya maji, analamba, anafunga macho yote mbili.

"Mabega," koko akamwambia. "Haunionyeshe mabega."

"Nimetetemesha, koko!"

"Sikuone. Nikamate mukono, tetemesha tena."

Akakamata mukono ya koko, akatetemesha. Koko akacheka. Kadogo akaniona. "Yaya, niko nafanya muzuri?"

Nikamwambia aende kunawa miguu.

Baba mukubwa amelala ku kiti ya baba. Jua bado iko kidogo ku mulima, ninaandika mbiombio juu mama hataki taa iwashwe bure. Sitamujibu tena mutu na maneno. Nimeisha kufikiri.

Kesho asubui, kengele ya misa ya kwanza ikilia, mama anapiga magoti kusali Malaika wa Bwana, kila siku, na hasimame mbele ya kumaliza. Ile saa nitaamsha baba mukubwa na nitamupeleka koko na mukono mupaka ku mutumbwi, bashuhudie. Nitaondoa mawe. Nitachota na kibuyu ya koko na nitakunywa mie, mukubwa, wa kwanza, mbele yao. Nikitapika, nitatapika. Mama atanipiga na batu habatanunua, mais kadogo hataonja. Ndizi ikija tena kutoka Kalunguta, bakikamua tena, nitaamuka tena mbele ya kadogo.